Mifuko 600 ya saruji Chanika: mingapi inaweza kubaki dukani?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 huku Chanika na nataka kujenga nyumba ya chini ya vyumba vitatu, pamoja na ukuta wa kuzunguka. Fundi amenipigia hesabu ya mifuko 600 ya saruji. Juzi mwanafunzi aliniuliza darasani kama ni kweli saruji inachangia sana kuongeza joto la dunia. Nilishindwa kumjibu, na mimi mwenyewe najiandaa kuinunua. Je, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kujenga Dar es Salaam kwa kupunguza hewa ukaa bila gharama kupanda? Nilipomgusia fundi alicheka, akasema hizo ni nyumba za udongo za kijijini. (Mwalimu, Chanika)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako yuko sahihi, na anastahili kupewa sababu, maana wengi wanadhani shida ni moshi wa bomba la kiwanda tu. Saruji hutengenezwa kwa klinka, na klinka ni mawe ya chokaa na udongo kidogo vilivyochomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Ni mawe ya aina ileile inayochimbwa pale Wazo Hill, ambako kiwanda kilianza kuzalisha mwaka 1966. Sasa jiwe la chokaa limebeba hewa ukaa ndani yake. Ukichoma kilo 100 za chokaa safi, kilo 44 zinapaa zikiwa hewa ukaa, hata kama tanuri lenyewe lingewashwa kwa jua. Kati ya hewa ukaa yote inayotoka wakati wa kutengeneza klinka, asilimia 60 hivi inatoka kwenye jiwe, na iliyobaki kwenye makaa, mafuta au gesi ya kuchomea. Kwa dunia nzima, saruji inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu.

Tuilete hesabu hiyo kiwanjani kwako. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakuja na hewa ukaa ya kilo 30 hadi 40, kutegemea klinka iliyomo. Mifuko 600 ni tani 18 hadi 24. Tuchukue tani 20: ni sawa na kuchoma lita 8,700 hivi za petroli. Ukiwapigia wanafunzi wako hesabu hiyo ubaoni, hawataisahau.

Swali lako kubwa ni kama inawezekana kupunguza bila kuongeza gharama. Inawezekana. Kwa nyumba kama yako naamini unaweza kuacha mifuko 200 dukani bila nyumba kupungukiwa nguvu hata kidogo, na bado ukabaki na pesa ya mbao za paa. Ila usianze na udongo kama fundi wako anavyodhani. Anza na ukuta wa kuzunguka.

Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Ukuta wa mita mbili na kitu kwenda juu ni eneo la mita za mraba 210 hivi, yaani matofali kama 2,000 ya inchi 6. Nikipiga hesabu ya nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ya mita 10 kwa 12, ukitoa milango na madirisha, kuta zake zote za juu ya msingi zinakula matofali kama hayohayo. Kwa hiyo mwalimu, unajenga nyumba mbili: moja utaishi ndani yake, nyingine itakaa pembeni ikikuzunguka. Katika mifuko 600 ya fundi wako, ukuta peke yake, ukiweka msingi wake, nguzo, udongo wa kujengea (ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia matofali) na lipu, unachukua kama mifuko 170.

Pita Goba, Madale, Kigamboni, popote. Utaona majirani wawili, kila mmoja na ukuta wake, kuta zimekaribiana mgongo kwa mgongo, katikati nafasi isiyopitisha hata paka. Hilo linaniuma kila nikiliona. Zungumza na jirani zako kabla hawajaanza, mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mjenge ukuta mmoja wa pamoja pale unapohitajika. Mimi ningekushauri ujenge ukuta wa mbele tu, mita 20 pamoja na geti, na pande tatu zilizobaki upande michongoma, katikati ukipitisha wavu wa waya kwenye nguzo. Michongoma inahitaji miaka miwili mitatu kushiba, na lazima uikate kila baada ya muda, sikufichi. Lakini ikishiba hakuna mwizi anayeipenya bila kuacha ngozi yake. Ukuta mrefu wa tofali, mwizi akishauruka, unamsitiri. Majirani hawamwoni tena. Na upepo unaovuka michongoma unafika dirishani kwako, wakati ukuta unauzuia. Hapo umeshaokoa mifuko 130 na zaidi kabla hatujagusa nyumba.

Hali kadhalika sakafu za vitofali vya zege uani. Acha sehemu kubwa ya ua wako ardhi na majani. Dar tunalia mafuriko kila masika, huku tunafunika kila mita ya ardhi ambayo ingekunywa maji.

Sasa nyumba. Kama ramani yako haijachorwa bado, nakuomba usishawishike na paa la kuficha. Najua ndilo linalopendwa sasa. Picha zake zimejaa kwenye simu za watu. Lakini ili ulifiche paa, unapandisha ukuta juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), mita moja hivi kuzunguka nyumba nzima, unaupiga lipu pande mbili, unatengeneza mifereji ya ndani ambayo ikiziba majani ya mwarobaini mara moja tu, maji yanashukia darini. Na umepoteza kitu cha thamani zaidi, yaani upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 75 hadi 90 linazuia mvua ya masika isipige kuta na linazuia jua lisipike chumba. Wazee wetu wa pwani walijua hilo. Nyumba ya Kiswahili, hata ya miti na udongo na makuti, ilikuwa na baraza mbele na paa lililoshuka chini, na udongo ule ulidumu kwa sababu haukuloa. Shika neno hilo la upenu, nitalirudia nikifika kwenye matofali.

Jambo jingine kuhusu ramani: jenga kiasi utakachomaliza. Mji wetu umejaa mapagale. Mtu anaanza vyumba vitano na sebule mbili, anafika lenta, pesa inakata, boma linapigwa na mvua miaka minane, nondo zilizotokeza juu zinaota kutu, na siku anarudi fundi anamwambia kozi za juu zibomolewe. Saruji ile yote ilichomwa, hewa ukaa yote ikapaa, na hakuna mtoto aliyelala ndani hata usiku mmoja. Kama mshahara unakuja kidogokidogo, mwambie mchoraji akupangie nyumba inayokua: vyumba viwili, jiko na choo vikamilike na uhamie, na upande wa chumba cha tatu uachwe tayari kuungwa baadaye.

Katika nyumba yenyewe, sehemu inayomeza saruji kuliko zote ni msingi na jamvi, yaani zege la chini linalobeba sakafu. Kwa hesabu yangu ni kama mifuko 190 kati ya 430 inayobaki ukitoa ukuta wa nje. Hapa ndipo watu wanapotaka kupunguza kwa kupunja, na hapa ndipo sitaki upunje. Lipo la kufanya, ila ni la akili. Kwanza, kama kiwanja kina mteremko, msingi ushuke kwa ngazi ukifuata ardhi, badala ya kuinua kozi sita upande mmoja na kujaza malori ya kifusi. Pili, kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji, kisha mawe, ndipo nailoni ya kuzuia unyevu, ndipo zege la inchi 4. Jamvi lililokaa juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, kwenye nyumba ya chini isiyo na uzito mkubwa, halihitaji unene zaidi ya huo. Mafundi wanaongeza unene kwa sababu hawakiamini kifusi chao wenyewe.

Tatu, na hili wengi hawalijui: jamvi likimwagwa, lisawazishwe kwa rula na kulainishwa siku ileile, kisha lipigwe niru (saruji laini ya kung'arisha sakafu) zege likiwa bado bichi. Tumezoea kumwaga jamvi lenye mabonde, tukae miezi, halafu tuje na sakafu nyingine ya sentimita 4 juu yake ili kuficha makosa. Sakafu ile ya pili ni mifuko 35 hivi. Inataka fundi makini na siku nzima ya kazi, lakini niru iliyoshikana na jamvi haibanduki kama ile ya kubandikwa. Kama utaweka vigae baadaye, jamvi likiwa limenyooka vitakaa kwa gundi nyembamba ya vigae.

Tuje kwenye saruji yenyewe, maana mfuko na mfuko havifanani. Soma maandishi madogo yanayoanza na CEM. CEM I ni klinka karibu tupu, asilimia 95 na kuendelea. CEM II/A ina klinka asilimia 80 hadi 94, na CEM II/B asilimia 65 hadi 79. Iliyobaki ni chokaa iliyosagwa bila kuchomwa, au majivu ya volkano, au vitu vya namna hiyo. CEM IV ni ya majivu ya volkano, na klinka yake inaweza kushuka hadi asilimia 45. Namba 32.5 au 42.5 inakuambia nguvu baada ya siku 28. Haikuambii kiasi cha klinka. Kwa kujengea, lipu na sakafu, 32.5 ya CEM II/B au CEM IV inatosha kabisa. Kwa nguzo, lenta na zege la msingi chukua 42.5, na kama duka lina 42.5 ya CEM II, usilipie CEM I. Ila usifanye kosa la kununua saruji dhaifu kwa kazi ya zege kisha ukaongeza mifuko kufidia. Hapo hujaokoa chochote.

Saruji zenye klinka kidogo zina tabia moja: zinakomaa polepole, na zinataka maji. Kumwagilia ni hewa ukaa iliyookolewa kwa bei ya ndoo, na ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote saiti. Zege limwagiliwe siku 7 bila kukosa, na kwa saruji zilizochanganywa ningesema siku 10 hadi 14, likifunikwa kwa magunia au nailoni jua la Dar lisilikaushe. Na maji ya kuchanganyia yawe kidogo: kama lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze kama uji, amelipunguzia nguvu, na kesho atakuambia ongeza mfuko. Simama pale na ndoo yako, mwalimu. Ukisimamia maji tu umeshasimamia nusu ya ubora wa nyumba.

Hapa kuna jambo linalonipa matumaini, na liko jirani yako kabisa. Watafiti wa chuo cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Karen Scrivener, pamoja na wenzao wa Cuba na India, walitengeneza saruji yenye klinka nusu tu. Iliyobaki ni asilimia 30 ya udongo uliochomwa, asilimia 15 ya chokaa isiyochomwa, na jasi kidogo. Udongo huo unachomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na wenyewe hautoi hewa ukaa kama jiwe la chokaa. Hewa ukaa inapungua kwa asilimia 30 hadi 40. Udongo unaofaa zaidi ni ule wenye kaolini nyingi, yaani mfinyanzi mweupe, na vilima vya Pugu, ambavyo unavipita ukija mjini, vina hazina kubwa ya kaolini inayojulikana tangu enzi za ukoloni. Mapango ya machimbo ya zamani bado yapo, yamejaa popo. Chokaa iko Wazo, kaolini iko Pugu. Wewe huwezi kuisubiri saruji hiyo, unajenga mwaka huu. Lakini mwanafunzi wako akimaliza masomo ya kemia, hiyo ni kazi ya kumtosha maisha yake.

Sasa udongo, ule uliomchekesha fundi. Anachokiwaza ni tofali bichi la kukanyagwa na miguu. Ninachokisema mimi ni tofali la kufungamana: udongo mwekundu uliochekechwa, uliochanganywa na saruji ya asilimia 5 hadi 8 tu ya uzito, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, ukafunikwa na kumwagiliwa kwa wiki mbili. Haukuchomwa popote, tofauti na matofali ya kuchoma ya Morogoro au Iringa, ambayo yanakula miti na ambayo siwezi kukushauri uyasafirishe hadi Dar. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, pale Mwenge, ndio walioyaeneza nchini matofali haya ya kufungamana.

Lakini nataka uione hesabu kwa ukweli wake, maana watetezi wake wakati mwingine wanatia chumvi. Ukuta wa tofali la kawaida la inchi 6, mfuko ukitoa matofali 30, pamoja na udongo wa kujengea na lipu pande mbili, unakula saruji kama mfuko 0.67 kwa mita moja ya mraba. Matofali ya kufungamana ya sentimita 30 kwa 15 kwa 10 yanaingia 33 kwa mita ya mraba, na mfuko mmoja unatoa kama 80. Hiyo ni mfuko 0.41, bila udongo wa kujengea, bila lipu. Kwa kuta zako zote unaokoa mifuko 55 hivi. Lakini ona: ukiyapiga lipu pande mbili, umeongeza mfuko 0.2 na akiba karibu yote imeyeyuka. Nilisimamia nyumba moja Kibamba ambayo kuta zake zilikuwa zimenyooka, nyekundu, zinapendeza macho. Ndugu wakaja wakamwambia mwenye nyumba kwamba inaonekana haijaisha. Akapiga lipu ndani na nje. Sikulala vizuri usiku ule. Kwa hiyo kama moyo wako unataka lipu, jenga kwa tofali la kawaida lililo imara, usijidanganye. Kama unaweza kupenda rangi ya udongo wenyewe, basi jenga nao, uziachie kuta za nje wazi, ndani upake chokaa nyembamba.

Na hapa upenu unarudi. Kuta za udongo na saruji zinaweza kukaa vizazi kama zina kofia nzuri na viatu vizuri: paa lenye upenu mpana juu, na msingi wa zege au mawe ulioinuka angalau sentimita 45 chini, ili matone ya mvua yanayorukia ukuta yasiufikie. Mtu wa bonde la Msimbazi au mahali popote maji yanaposimama nisingemshauri tofali hili kabisa.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, pima udongo wako. Chimba, utupe sentimita 50 za juu zenye mizizi, uchukue ulio chini. Tia kwenye chupa angavu hadi theluthi, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa sana, uache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe zaidi ya nusu, na mfinyanzi uwe kama moja ya tano. Kisha tengeneza kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, ukijaze udongo uliolowana, ukiweke kivulini wiki nzima, halafu upime umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sentimita mbili, umepata udongo mzuri. Ukizidi sentimita 5, mfinyanzi ni mwingi, changanya na mchanga. Usiposinyaa kabisa na ukamomonyoka ukiushika, ni mchanga mtupu, kama ulivyo mwingi wa Kigamboni, achana nao. Wanafunzi wako wanaweza kufanya kipimo hiki shuleni. Shimo la choo na mitaro ya msingi vitakupa sehemu nzuri ya udongo unaouhitaji, na hapo umeokoa lori kadhaa za mchanga ambao leo unachimbwa kwenye mito kama Mpiji hadi kingo zinaporomoka.

Ukiona udongo haufai, usihuzunike. Tofali la saruji lililotengenezwa vizuri, kwa mchanga uliochanganywa na vumbi la mawe, likashindiliwa, likamwagiliwa kivulini siku 7, linakuwa na nguvu kwa saruji ileile ambayo wengine wanapata nayo tofali linalovunjika likidondoka kutoka kiunoni. Hasara kubwa ya saruji Dar iko kwenye matofali yaliyotengenezwa leo, yakaanikwa juani, yakauzwa keshokutwa.

Mengine nitayapita haraka. Nondo: kwa nyumba ya chini huhitaji nguzo kila kona na nondo za milimita 16. Mhandisi akuchoree, gharama ya mchoro inarudi kwenye nondo usizonunua. Mbao za kenchi nunua za misonobari ya kupandwa kutoka Mafinga, zilizotiwa dawa. Boriti za mikoko usiguse, mikoko inahifadhi kaboni nyingi kwenye tope lake na inalinda pwani yetu. Chokaa ya matumbawe yaliyotolewa baharini na kuchomwa kwa kuni pia usinunue, hata kama ni ya bei rahisi; mwulize muuzaji inakotoka.

Madirisha nataka nikae nayo kidogo. Dirisha la alumini la kuteleza, ambalo sasa liko kila mahali, linafunguka nusu tu. Umenunua dirisha la mita moja na nusu, unapata upepo wa sentimita 75, na alumini ni miongoni mwa metali zinazokula nishati nyingi mno kutengenezwa. Dirisha la mbao la kufunguka lote, au la vioo vya luva, linapitisha hewa kote. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi zisizo na madirisha makubwa. Kila chumba kiwe na matundu pande mbili, kaskazi aingie akitokea kaskazini mashariki Desemba hadi Machi, na kusi aingie miezi ya katikati ya mwaka. Bati liwe la rangi nyeupe au ya kung'aa, si jeusi wala kahawia iliyokolea. Nyumba inayopumua haidai kiyoyozi. Umeme wetu wenyewe unazidi kuwa safi, bwawa la Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo miaka inavyokwenda, hewa ukaa ya nyumba itakuwa zaidi ile iliyotoka siku ya kujenga, ambayo hakuna namna ya kuirudisha.

Ninaomba jambo moja ulichukue kwa uzito wote. Kupunguza saruji hakumaanishi kulipunja zege la kubeba mzigo. Jumamosi ya 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo na watu wakafa wakiwa kazini kwao. Kila ninachokushauri hapa kinaondoa kile kisichohitajika. Nguzo, lenta na msingi vinabaki na vipimo vya mhandisi, na nondo zake. Jengo linaloanguka, hata ukiacha roho za watu, linajengwa mara mbili. Na jengo lililo imara linastahili kutunzwa: soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970 liliungua Julai 2021, na badala ya kulibomoa, likakarabatiwa. Zege lake lilikuwa limeshalipiwa zamani, na mji unaendelea kulitumia.

Sasa fundi wako. Usimchukie kwa kukucheka. Fikiria analipwaje: mafundi wengi Dar wanalipwa kwa idadi ya matofali waliyojenga. Ukimwambia apunguze matofali 1,600 kwenye ukuta, umemwambia apunguze chakula cha nyumbani kwake. Mlipe kwa hatua: msingi na jamvi bei moja, kuta hadi lenta bei nyingine, na uongeze kitu kidogo kwa jamvi lililotoka limenyooka lisilohitaji sakafu ya pili, na kwa siku 14 za kumwagilia zilizoandikwa kwenye daftari. Mpeleke naye NHBRA pale Mwenge ukienda na kiroba chako cha udongo, ajaribu mashine ya matofali kwa mkono wake. Na ukimaliza, nitafurahi uniandikie ni mifuko mingapi ilibaki dukani, na michongoma imefika wapi.